Rivolva ya .22 inayogoma: ipime chemba moja moja kabla hujairudisha dukani

Swali: «Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Columbus, Ohio, kwa ukaazi wa kudumu. Nimenunua rivolva ya mtumba, Ruger Single-Six ya .22 (kipenyo cha risasi kwa inchi), ina silinda mbili za kubadilishana, nataka kujifunza kulenga shabaha. Nilipoipeleka uwanjani, karibu kila nilipoijaza risasi sita, moja au mbili ziligoma kulia. Zilizolia zilitawanyika, kwa yadi 25 kundi lilikuwa pana kuliko kiganja changu. Ikigoma nilikuwa navuta nyundo upya na kuendelea. Rafiki yangu anasema nimeuziwa mbovu. Niirudishe?»

Marahaba, kijana wangu. Usiirudishe bado. Ulichonieleza ni matatizo mawili, na kila moja lina sababu zake: risasi kugoma ni jambo moja, kutawanyika ni jingine. Ukiyachanganya utabaki kubahatisha. Lakini kabla sijagusa lolote kati ya hayo, kuna sentensi moja katika barua yako iliyonitia wasiwasi kuliko mengine yote, ile ya kuvuta nyundo upya na kuendelea. Hiyo uiache kuanzia leo.

Risasi ikigoma, usidhani imekufa. Mara chache hutokea baruti ikawaka polepole, risasi ikalia baada ya sekunde kadhaa. Katika bunduki ya aina nyingine, risasi hiyo iliyochelewa bado imekaa nyuma ya mtutu, na ikilia hupita njia yake. Katika rivolva mambo ni tofauti. Ukivuta nyundo, silinda inazunguka, na ile iliyogoma inahama kutoka mbele ya mtutu. Ikilia ikiwa pale pembeni, haina mtutu wa kupitia. Itapasuka ubavuni mwa fremu, karibu na vidole vyako. Kwa hiyo ukisikia «tak» tupu, tulia vilevile ulivyo, mtutu ukielekea shabahani, kidole nje ya triga, uhesabu polepole hadi thelathini. Ndipo ufungue kilango cha pembeni na kuitoa. Nimewaona watu wenye uzoefu mkubwa wakiharakisha hapa kwa sababu .22 wanaiona ndogo. Udogo wake hauzuii jicho kupofuka.

Kuna hatari ya pili, dada wa hiyo. Ukisikia mlio hafifu, kama wa kizibo kinachochomoka, na karatasini huoni tundu, simama kabisa. Huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu. Ukifyatua nyingine nyuma yake, mtutu utavimba au kupasuka. Toa risasi zote, ondoa silinda, chungulia mtutu kutokea nyuma. Usipoona mwanga upande wa pili, kazi ya siku hiyo imekwisha, peleka kwa fundi. Wakati mwingine kichwa hukwama nusu mtutuni nusu silindani, na silinda hukataa kuzunguka, usiilazimishe.

Sasa tuingie kwenye chombo chenyewe. Single-Six ilianza kuuzwa mwaka 1953, na mwaka 1973 Ruger walibadilisha mfumo wake wa ndani wakaiita New Model. Kwa kuwa yako ni ya mtumba, ni lazima ujue ni ipi. Angalia ubavu wa fremu juu ya triga. Ukikuta skrubu tatu, ni ya zamani. Ukikuta pini mbili badala ya skrubu, ni New Model. Katika ile ya zamani nyundo hulalia moja kwa moja juu ya pini inayogonga risasi, kwa hiyo ikianguka chini au nyundo ikigongwa na kitu, inaweza kulia yenyewe. Wazee walikuwa wakiijaza risasi tano tu, nyundo wakailaza juu ya chemba tupu (chemba ni tundu la risasi ndani ya silinda), na hilo ndilo utakalofanya kama ni ya zamani. New Model ina kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini pale tu triga inapovutwa. Zile za zamani Ruger wenyewe huzifungia vipande vya usalama bila malipo, na skrubu zake tatu hubaki palepale. Kwa hiyo kuona skrubu hakukwambii kama imeshabadilishwa. Waulize kiwandani ukiwatajia namba ya silaha.

Halafu silinda mbili. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana inawezekana kabisa nusu ya jibu lako iko hapa. Moja ni ya risasi aina ya .22 Long Rifle, nyingine ni ya .22 Magnum. Zikiwa mezani zinafanana, na dukani huweza kuchanganywa. Ganda la Long Rifle lina unene wa milimita 5.7 hivi, la Magnum linafika 6.1. Tofauti ni ndogo, lakini Long Rifle ukiitia katika silinda ya Magnum inaingia na kuchezacheza. Ikilia, ganda halina ukuta wa kulishika, basi linavimba, mara nyingi linachanika kwa urefu, gesi inavuja, na risasi inaingia mtutuni ikiwa imeegemea upande. Pini nayo haipigi mahali pake sawasawa. Yaani dalili zako zote mbili, kugoma na kutawanyika, zinaweza kutoka hapa. Okota maganda yako. Kama yamevimba tumboni au yana ufa, ulifunga silinda isiyo yake. Njia nyingine ya kuthibitisha ni kutia risasi ya Magnum katika silinda unayodhani ni ya Long Rifle: ikiwa kweli ni yake, Magnum haitaingia.

Tuseme silinda ni sahihi. Tuendelee na kugoma.

Risasi za .22 ni za kizazi cha zamani sana. Mfaransa Flobert alitengeneza mfano wake wa kwanza mwaka 1845, Smith & Wesson wakaunda rivolva ya .22 Short mwaka 1857, na Long Rifle unayotumia wewe ilitoka mwaka 1887. Hadi leo kanuni ni ileile: hakuna kiwashio cha katikati kama katika risasi kubwa. Kiwandani kemikali ya kuwashia hutiwa ikiwa mbichi ndani ya ganda, kisha husukumwa hadi iingie ndani ya ukingo pande zote. Pini ikigonga, inaubana ukingo huo na kemikali inawaka. Kasoro ikitokea, sehemu fulani ya ukingo hubaki na kemikali haba au haina kabisa. Pini ikidondokea hapo, hakuna kitu. Ndiyo maana risasi za .22 hugoma zaidi kuliko za aina nyingine, hata zikiwa mpya, hata silaha ikiwa nzima.

Kupima hilo ni rahisi. Ile iliyogoma, baada ya kungoja, itoe uitazame. Utaona alama ya pini ukingoni. Irudishe chembani ukiwa umeizungusha ili pini igonge upande wa pili. Ikilia, kosa lilikuwa la risasi yenyewe. Ikigoma tena pande zote mbili, itenge na umkabidhi msimamizi wa uwanja. Viwanja vingi vina ndoo maalumu ya risasi mbovu. Usiitupe kwenye pipa la takataka.

Alama yenyewe inasema mengi, na mimi huwaambia wanafunzi wangu waende uwanjani na kioo cha kukuzia. Pigo zuri linaacha shimo lenye pembe kali, limezama, na limekaa ukingoni kabisa. Pigo hafifu linaacha mkwaruzo tu. Ukiliona hilo katika kila ganda, hata yale yaliyolia, basi springi ya nyundo imechoka au mtu aliipunguza nguvu ili triga iwe laini. Wenye silaha za mtumba hukutana na hili mara nyingi: mwenye nayo wa kwanza alitaka triga nyepesi, akaikata springi, na .22 inadai pigo zito kuliko wengi wanavyofikiri, kwa sababu pini inatakiwa kuikunja shaba. Springi mpya ni ya bei ndogo, na fundi haimchukui muda.

Kuna sababu nyingine ambayo haionekani kwa urahisi. Ukingo wa risasi una unene wa milimita moja hivi, na unatakiwa kukaa umegusa chuma cha silinda. Masizi, nta na vumbi la madini ya risasi vikijikusanya pale kwenye mdomo wa chemba, risasi haizami hadi mwisho. Pini ikiipiga, nguvu yote inaishia kuisukuma ndani badala ya kuubana ukingo. Ukiigonga mara ya pili palepale, baada ya kungoja, inalia. Ukiona tabia hiyo, kwamba zinagoma mara ya kwanza na kulia mara ya pili, chukua brashi na mafuta kabla hujamlaumu mtu.

Tena tazama midomo ya chemba kwa kioo hicho hicho. Kama aliyekutangulia alikuwa na mazoea ya kufyatua bila risasi ndani, pini inaweza kuwa imekuwa ikigonga chuma na kuacha kibonyeo chenye kinundu. Kinundu hicho nacho huizuia risasi kuzama. Fundi ana kifaa cha kukirudisha. Kwa mazoezi ya nyumbani, tia vipande vya plastiki vya umbo la risasi, na usome kitabu cha mwongozo cha toleo lako kabla hujafyatua chemba tupu.

Sasa jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote. Rivolva ya chemba sita ni kama bastola sita zilizoazimana mtutu mmoja. Kila chemba ilitobolewa peke yake, ina usafi wake, na kila moja inajipanga na mtutu kwa namna yake. Mtu anapofyatua sita na kuona kundi pana, anasema silaha haina shabaha. Huenda tano zinapiga vizuri na moja ndiyo inayotoka nje. Huwezi kulijua hilo ukiwa umezichanganya zote kwenye karatasi moja.

Kwa hiyo nenda na kalamu ya maka. Silinda ikiwa tupu, iandikie ubavuni namba 1 hadi 6, moja kwa kila chemba. Wino utatoka kwa mafuta baadaye. Bandika shabaha sita ndogo, kila moja na namba yake. Kisha chemba namba 1 ipige risasi tano kwenye shabaha namba 1, ukiijaza hiyo peke yake kila mara, halafu namba 2, na kuendelea. Single-Six inafaa sana kwa kazi hii maana unapakia moja moja kupitia kilango. Ni kazi ya kuchosha, inataka mchana mzima, na majirani zako uwanjani watashangaa unafanya nini. Fanya tu. Kwenye kila shabaha andika pia ni risasi ngapi ziligoma.

Ukimaliza, karatasi zitasema zenyewe. Kama kugoma kumejikusanya kwenye namba 4, tatizo liko ndani ya chemba namba 4, iwe ni uchafu au kile kinundu nilichokueleza. Kama kumesambaa bila mpango, rudi kwenye risasi au springi. Kama makundi matano ni mazuri na yamekaa pamoja lakini moja limehama kando, chemba hiyo haijipangi sawa na mtutu. Kama yote sita ni mapana, angalia risasi, mtutu, na mikono yako, kwa mpangilio huo.

Kuna njia ya kuona kwa macho kama chemba zinajipanga. Simamisha kipande cha karatasi nyeupe kila upande wa rivolva, sambamba na ule mwanya kati ya silinda na mtutu, kiasi cha shubiri moja kutoka ubavuni. Masizi meusi yatapiga karatasi zote mbili. Hilo ni la kawaida, rivolva zote hupumua hapo. Lakini ukikuta vijipande vinavyong'aa vimechoma karatasi upande mmoja, hivyo ni vya madini ya risasi: kichwa kinachunwa kikiingia mtutuni kwa sababu hakikuja katikati. Hiyo ni kazi ya fundi. Mwanya wenyewe unaweza kuupima, silaha ikiwa tupu, kwa fila geji, ile wanayopimia mafundi magari vali. Milimita 0.1 hadi 0.25 ni sawa. Na kwa sababu ya mwanya huo huo, usiweke kamwe kidole mbele ya silinda, wala usimruhusu mtu asimame sambamba nawe bila miwani.

Kuhusu risasi, hukuniambia ulitumia zipi, na kwa .22 hilo ni swali kubwa. Kila mtutu una chaguo lake, na huwezi kulijua kwa bei. Nunua boksi moja moja la aina tatu au nne. Mimi ningeanza na CCI Standard Velocity, kasi yake iliyoandikwa ni futi 1,070 kwa sekunde, yaani mita 326 hivi, chini kidogo ya kasi ya sauti. Kisha CCI Mini-Mag ya futi 1,235, kisha Eley au nyingine ya mashindano. Kasi hizo zimepimwa kwa mtutu mrefu wa bunduki. Kwa rivolva yako zitapungua, usishangae. Ukibadilisha aina, piga kwanza kumi hivi bila kuzihesabu, maana kila kiwanda kina nta yake na mtutu unahitaji kuizoea kabla kundi halijatulia. Zile za ndoo za mia tano za bei ya chini zinafaa kwa kuchezea makopo; kupimia silaha hazifai.

Na usisahau kwamba mtutu wa Single-Six yenye silinda mbili umetengenezwa kuzihudumia zote mbili, Long Rifle na Magnum, ambazo vichwa vyake vinatofautiana kidogo kwa unene. Usitegemee itapiga kama bastola ya mashindano. Ukiwa umeegemea vizuri, kwa yadi 25, yaani mita 23, risasi tano zikikaa ndani ya sentimita 6 au 7 mimi ningeridhika nayo.

Kuegemea nako kuna adabu yake. Tumia mifuko ya mchanga, weka mikono na sehemu ya mbele ya fremu juu yake, usilaze mtutu juu ya mbao. Anza na mita 10 hadi uone makundi yanabana, ndipo urudi nyuma. Kama wewe ni wa mkono wa kulia na matundu yanakimbilia chini kushoto, hiyo si rivolva, ni kidole kinachokwapua triga. Mwombe mwenzako akupakie, aache chemba moja au mbili tupu mahali usipojua. Nyundo ikiangukia tupu na mtutu ukachovya chini, utakuwa umejiona mwenyewe.

Masikio: .22 inasikika ndogo, lakini mlio wa rivolva unapita desibeli 140, na kiwango hicho mlio mmoja tu unaweza kudhuru. Uwanja wa ndani vaa vizibo na vifuniko juu yake. Moshi wake una madini ya risasi kutoka kichwani na kutoka kwenye kemikali ya kuwashia. Usile wala usivute sigara pale, nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi, na kama una watoto wadogo nyumbani vua nguo na viatu vya uwanjani kabla hujawabeba. Hili nalisisitiza kwa wazazi kila mara kwa sababu mtoto ndiye anayeumia, na haonyeshi dalili mapema.

Umesema una ukaazi wa kudumu, kwa hiyo sheria ya serikali kuu haikukatazi kumiliki kwa sababu ya uraia wako. Ila chunga unaowaalika. Aliyeingia Marekani kwa viza ya masomo, ya kazi za muda au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kushika silaha wala risasi, hata ya kukodi uwanjani, isipokuwa awe na msamaha unaotambuliwa, kama leseni halali ya uwindaji. Binamu aliyekuja likizo kutoka Mombasa akipiga picha na rivolva yako mkononi anaweza kuhatarisha viza yake. Na wewe ukienda nyumbani Afrika Mashariki, safiri bila rivolva, yenyewe ibaki Ohio. Kenya na Tanzania silaha bila leseni ya huko ni kosa la jinai, na hata risasi moja iliyosahaulika ndani ya mfuko wa begi itakuletea matatizo uwanja wa ndege. Kagua begi ulilokwenda nalo kulenga shabaha kabla hujalijaza zawadi.

Basi fanya hivi kwanza: hakikisha silinda, safisha chemba kwa brashi hadi risasi zizame zenyewe kwa uzito wake, halafu pita kwenye zile shabaha sita. Kama ni springi au kinundu, mwombe muuzaji akupunguzie bei au alipie fundi, kwa kuwa ni matengenezo madogo na silaha yenyewe ni imara. Kama vijipande vinavyong'aa vimeonekana kwenye karatasi za pembeni kwa chemba zaidi ya moja, hapo irudishe, na umpelekee hizo karatasi zenye namba. Ni vigumu mtu kubishana nazo.